Pamba ya Afande Mawira

Kama kuna kitu ambacho Dullo alikichukia kuliko kiangazi, kilikuwa pamba. Ile pamba nyeupe ya duka la dawa, inayokuja imeviringishwa kwenye karatasi. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Afande Mawira aliinyofoa kipande, akakipuliza kidogo, akakipitisha kwenye taya za walinzi waliopanga mstari katika uwanja wa kampuni ya ulinzi, nyuma ya soko la Isiolo. Pamba ikiteleza, umenyoa. Ikiacha uzi hata mmoja kidevuni, hujanyoa, na jina lako linaandikwa. Ukiandikwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja unavua sare, unakabidhi rungu, unakwenda zako.

Mtindo huo Mawira aliutoa jeshini. Alikuwa sajini mstaafu, mtu wa Meru mwenye kifua kipana, na siku alipoajiriwa kuwasimamia walinzi wa kampuni ile ndogo alifika na vitu viwili tu, filimbi na pamba. Filimbi ilipotea. Pamba ikabaki, na heri ingepotea yenyewe.

Dullo alizaliwa Korbesa, upande wa Merti, katika boma lililokuwa na ng'ombe. Ng'ombe walipokwisha kwa kiu alikuja mjini na fimbo yake na viatu vya akala mguuni, akapanga chumba mtaa wa Chechelesi, akaoa, akapewa sare na geti la benki. Alisimama pale miaka tisa. Aliwajua wazee wa pensheni wanaohitaji kushikwa mkono kwenye ngazi, na aliwajua pia walaghai wanaowanyemelea wazee hao. Mke wake, Mama Faiza, aliuza maziwa ya ngamia, na maziwa yale yalikuja na mvua yakaondoka na mvua. Geti halikuondoka.

"Mengine yote tutavumilia," Mama Faiza alikuwa akimwambia. "Lakini hiyo geti isikutoke, Baba Faiza. Korbesa hakuna kitu ya kurudia."

Dullo alijua hivyo bila kuambiwa. Ndiyo maana alivumilia pamba miaka yote hiyo, hata alipotamani kuimeza pamoja na kidole kilichoishika.

Shida yenyewe ililetwa na shaver. Miaka miwili iliyopita Mawira alisimama mbele ya mstari akainua juu kijiti cha plastiki chenye kichwa kinachocheza, nyembe tano zimepangwa humo kwa safu, akakionyesha kulia na kushoto kama padri anayeinua kikombe.

"Hii ndio inanyoa," alisema. "Wembe ya kwanza inavuta nywele, ya pili inakata, hizo zingine zinasafisha. Unatoa chini unapeleka juu, unarudia, mpaka usikie uko kama mtoto. Kutoka leo nisione mtu hapa amejinyoa na wembe ya kiosk."

Nyembe tano! Mtu ana shingo ngapi? Lakini tuseme haki, shaver ina raha yake. Kichwa chake hujipinda chenyewe kufuata taya, unaweza kunyolea gizani, na hata mlevi hajikati nayo. Kwa mtu mwenye udevu ulionyooka huenda ni neema. Udevu wa Dullo ulikuwa wa kujikunja. Wembe wa kwanza ulipouvuta na wa pili ukaukata, kipande kilichobaki kilirudi chini ya ngozi, kikaota humo humo ndani, kikatafuta pa kutokea kwa pembeni. Kila udevu ulioota hivyo ulifanya kipele, na kila kipele kilikatwa kichwa asubuhi iliyofuata. Tena vichwa vya shaver ni ghali, kwa hiyo mlinzi alikitumia kimoja mpaka kikawa butu, akawa hanyoi tena, anakwangua.

Mwaka ulipoisha shingo ya Dullo ilikuwa na matuta kama shamba la viazi. Kola ya sare ilimkata kuanzia asubuhi hadi jioni. Mama mmoja getini alimvuta mtoto wake asipite karibu naye, na karani wa benki, kijana aliyekuwa akimsalimu kila siku kwa kumshika mkono, akaanza kumpungia tu. Hayo mawili yalimuuma kuliko vipele.

Mwezi wa pili akaamua kuiacha ngozi ipumue siku mbili. Siku ya pili pamba ikashika, akaandikwa. Akaenda zahanati, akapewa karatasi iliyosema asiguse wembe kwa wiki mbili. Mawira aliisoma polepole mbele ya wote, akaikunja vizuri, akamrudishia.

"Barua inanyoa?" aliuliza.

Mstari mzima ukacheka, maana bosi akitania hucheki kwa hiari. Pamba ikapita, ikashika, akaandikwa mara ya pili. Ikabaki moja.

Njia ya mkato ilikuwepo, na ni Abass aliyemwonyesha. Abass alilinda ghala la saruji, naye alikuwa na ndevu fupi zilizochongwa vizuri pamoja na barua ya imamu. Mawira hakuwahi kumgusa na pamba.

"Wewe ni Muislamu kama mimi," Abass alimwambia. "Enda kwa imamu akuandikie, umalize hii maneno."

"Mimi sifugi ndevu ya dini. Mimi niko na vipele," Dullo alijibu. "Siwezi danganya Mungu juu ya Mawira."

Hayo ndiyo aliyoyasema, na yanapendeza kusikika. Ukweli wa moyoni ulikuwa mwingine. Dullo hakutaka kuiepuka pamba. Alitaka kumshinda Mawira kwa pamba yake mwenyewe, mbele ya mstari uliocheka. Mtu akishafika hapo, hata barua ya malaika haimfai.

Akachukua likizo yake ya mwaka, siku kumi, akaipeleka yote shingoni.

Karibu na msikiti kulikuwa na kibanda cha kinyozi cha kiti kimoja, cha Mzee Roble. Babu yake Roble aliletwa Isiolo na jeshi la Mwingereza kutoka upande wa Somalia, akaachwa na kiwanja na mashine moja ya ndevu. Mashine yenyewe ilikuwa ya chuma kitupu, fupi, nzito mkononi, yenye meno madogo mdomoni, na ilishika wembe mmoja tu, huu huu wa kiosk ambao Mawira aliupiga marufuku. Vijana walimcheka Roble kwa mashine hiyo. Roble aliwatukana kwa Kisomali kisha akawanyoa.

"Waryaa, wewe," Roble alisema, Dullo alipofungua kola. "Hii shingo nani alikula?"

"Ni shaver, mzee."

"Na wewe ulikuwa wapi ikikula?"

Kwa siku tisa hakumgusa na wembe. Alimkanda kwa maji ya moto na jiwe la shabu, akachoma sindano kwenye moto wa mshumaa, akawa anaokoa udevu mmoja mmoja uliozikwa, huku akimgombeza kwa kila mmoja kana kwamba Dullo aliuzika kusudi. Siku ya kumi, jioni, uvimbe ulikuwa umelala. Roble akaweka taulo la moto, akapiga sabuni kwa brashi mpaka ikasimama, akaunyanyua wembe mpya hewani na kuufungua mbele ya macho ya Dullo. Ndiyo desturi ya kinyozi chochote cha heshima mjini humo: mteja auone wembe ukitoka kwenye karatasi yake, ajue haujapita kwa shingo nyingine. Kisha akampa Dullo mashine mkononi.

"Nyoa."

Dullo aliikandamiza kama alivyozoea kukandamiza shaver. Damu ikashuka chini ya sikio kabla hajameza mate.

"Shaver ilikufundisha ujinga," Roble alisema, akimbandika shabu kwa nguvu iliyozidi kidogo. "Hiyo inakusamehe kila siku, halafu inakudai baadaye. Hii haisamehi mtu. Iko na uzito yake, iachie. Mkono yako kazi ni kuongoza tu. Na unafuata nywele inaenda wapi. Hujawahi kuchunga ng'ombe wewe? Ng'ombe unampapasa kwenda mbele ama kwenda nyuma?"

Hapo Dullo akaelewa, maana manyoya ya ng'ombe alikuwa akiyajua kabla ya kujua kusoma. Akashuka kwa vipande vifupi, akisafisha mashine majini kila mara. Ilimchukua muda wa kuchemsha na kunywa chai, wakati shaver ingemaliza kabla maji hayajachemka. Alipojishika taya, ngozi ilikuwa imetulia. Haikuwaka, haikuwasha. Karibu alie.

Kisha akaomba pamba, akaipitisha. Ikashika.

"Wacha ishike," alisema Roble. "Kwani wewe ni yai? Mwanaume ameumbwa na nywele."

"Mzee, Mawira akiona hii mimi sina kazi."

Roble alisonya. Kisha akapaka sabuni tena, akachukua mashine mwenyewe kwa mkono uliokuwa ukitetemeka, akapita mara ya pili kwa kukata upande, kutoka sikioni kuja kidevuni. Pamba ikateleza.

"Hii ni ya siku moja," alionya. "Ukipita hivi kila siku tutarudi kwa ile shingo yako, tena polepole. Enda ushinde shindano yako ya kijinga."

Kesho yake, Jumatatu, Dullo alirudi kazini, na siku hiyo meneja Njeri alikuwa amekuja kutoka makao makuu kukagua. Mwanamke mfupi, daftari kwapani, anayetazama saa kuliko watu. Mawira alipofika mbele ya Dullo alitabasamu. Alinyofoa pamba kubwa kuliko ya wengine, akaipitisha kushoto. Ikateleza. Akaipitisha kulia, ikateleza. Akaigeuza, akaikandamiza, akaisukuma kutoka kooni kwenda juu dhidi ya nywele, mara tatu, mpaka kichwa cha Dullo kikarudi nyuma. Pamba ilibaki nzima.

"Umetumia nini?" Mawira aliuliza kwa sauti ya chini.

"Wembe ya kiosk, afande."

Kama angenyamaza hapo, hadithi hii ingekuwa ya ushindi. Lakini miaka miwili ilikuwa imemjaa kifuani, na pale mbele yake, juu ya kola ya Mawira iliyofungwa hadi kifungo cha mwisho, aliona jambo ambalo hakuwa amelitafuta kamwe. Ngozi ilikuwa nyekundu, na ilikuwa na matuta. Dullo akainyakua pamba mkononi mwa mkubwa wake, akaipitisha chini ya taya ya Mawira mara moja tu.

Ilishika. Nyuzi nyeupe zilibaki zimening'inia shingoni kwa afande, na katikati yake tone la damu. Safari hii mstari haukucheka. Njeri alifunga daftari.

"Umemgusa msimamizi wako," alimwambia Dullo. "Hiyo haina mara tatu. Vua sare."

Akaivua pale pale, akabaki na fulana. Hasira hasara, wahenga hawakukosea hata herufi. Alitembea mpaka Chechelesi na taya laini kuliko taya zote za Isiolo, bila kazi.

Mama Faiza alisikiliza yote akiwa ameshika kibuyu cha maziwa.

"Pamba ilimshika?"

"Ilimshika sana."

"Na geti iko wapi?"

Mke wake hakupiga kelele. Alimgeuzia mgongo akaendelea kuosha kibuyu, na siku nne hakumwita Baba Faiza. Alimwita "wewe".

Siku ya tano Dullo akaenda kwa Roble kumlaumu. Roble naye alikuwa na hasira zake, kwa sababu asubuhi hiyo mkono wake uliotetemeka ulikuwa umemkata bwana harusi.

"Acha kulia hapa," alisema. "Kaa, ujifunze. Shingo zimejaa hii mji."

Alimfundisha kwenye maputo. Dullo alipaka sabuni puto, akaliondolea sabuni kwa mashine, na kila puto lilipopasuka Roble alimtukana kama aliyeua mtu. Mwezi ulipoisha maputo yalikuwa hayapasuki. Wakaja walinzi, kwanza kwa siri, wakaja polisi wawili, akaja karani wa benki aliyeacha kumshika mkono, naye akanyolewa vizuri bila kusemeshwa. Kiti kile hakikuwa geti. Hakikuwa na sare wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Lakini Mama Faiza akarudia kumwita kwa jina la mtoto.

Abass ndiye aliyeleta habari za uwanjani. Njeri hakuwa mtu wa kupendelea: tangu siku ile alikuwa ameagiza msimamizi naye apimwe na pamba mbele ya mstari wake, kwa sheria ile ile Mawira aliyoiandika mwenyewe. Mawira alikuwa ameshashikwa mara mbili.

"Imebaki moja," Abass alisema, akicheka mpaka akashika mbavu. Dullo alicheka pia, na hakuona haya.

Alasiri moja, Roble akiwa ameenda kuswali, Mawira akaingia kinyozi akiwa na skafu shingoni katika joto lile. Alitazama kiti, akamtazama Dullo.

"Mzee yuko wapi?"

"Ameenda msikiti. Mkono yake haishiki wembe tena. Kiti ni yangu."

Mawira alisimama mlangoni muda wa kutosha mtu kuondoka. Kisha akakaa. Dullo akamfungua skafu. Shingo yake mwenyewe, siku ilipokuwa mbaya kabisa, haikufika nusu ya hii. Hapakuwa na sehemu nzima ya ukubwa wa shilingi. Kulikuwa na makovu juu ya makovu, ya miaka mingi, na juu ya yote hayo asubuhi ile ile nyembe tano zilikuwa zimepita, kutoka chini kwenda juu, zikarudia.

Hakumhurumia. Alikasirika upya, kuliko siku ya barua.

"Ulikuwa unajua," alisema. "Ulikuwa unajua vile inauma, na kila asubuhi ukatuletea pamba."

"Mimi nililetewa miaka ishirini na mbili," Mawira alijibu akitazama dari. "Sikuenda zahanati."

"Ungeenda."

"Fanya kazi yako."

Dullo akaweka taulo la moto. Akaufungua wembe mpya mbele ya macho yake, akaufunga mashineni, akamwinua kidevu. Koo la adui yake lilipanda na kushuka chini ya vidole vyake, na tusiseme uongo, liko wazo lililopita kichwani. Lilipita tu. Alishuka kufuata nywele, akiruka vidonda, mkono hauongezi uzito, na Mawira akiwa ameshika mikono ya kiti kama mtu anayengoja kuumia. Hakuumia. Macho yake yalijaa maji, akayafumba.

Alipofutwa sabuni akajishika taya.

"Bado kuna nywele."

"Ziko."

"Kesho Njeri anakuja. Pamba itashika."

"Itashika."

"Pitisha mara ya pili. Abass amesema iko namna ya kupitisha upande."

"Hiyo ilikuwa kwa shingo imepona. Yako nikipitisha itatoa damu, na pamba ishike damu. Ngoja wiki mbili."

"Sina wiki mbili! Pitisha!" Ilikuwa sauti ya uwanjani, ile ile. Kisha, chini kabisa: "Dullo. Ni kazi yangu."

Dullo aliishika mashine hewani. Angeweza kujaribu. Labda, kwa mkono mwepesi na bahati kubwa, pamba ingeteleza asubuhi moja na shingo ioze baadaye. Angeweza pia kumwambia aende zahanati aombe karatasi, naye alilifikiria neno hilo, likafika mpaka kwenye meno.

"Barua haiwezi nyoa," alisema badala yake. Akaiweka mashine majini. "Na kwa hii kiti hatukwangui kidonda. Inuka."

Mawira aliinuka, akalipa, akatoka bila skafu. Dullo alifagia sakafu isiyokuwa na nywele. Kama alikuwa amemtibu mtu au amemmaliza, hakujua.

Kesho yake Abass alikuja na habari, lakini safari hii hakucheka. Pamba ilishika. Mawira hakubisha wala hakutoa sababu. Alimwambia Njeri, "Andika," akavua kofia, akaiweka juu ya meza pamoja na pamba iliyobaki, akatoka kwa geti kubwa akitembea kijeshi. Dullo aliitafuta ile furaha aliyoingoja miaka miwili. Aliipata, lakini ilikuwa ndogo, haikutosha hata kumaliza chai.

Wiki mbili baadaye Mawira alirudi. Alikuwa amevaa shati la kawaida lililofunguliwa vifungo viwili, ndevu zimemtoka nyeupe kwa nyeusi, na chini yake ngozi imeanza kufunga. Hakusalimu. Alikaa kitini, akamtazama Dullo kwenye kioo kwa chuki ile ile ya zamani.

Dullo naye hakumsalimu. Alichukua wembe mpya, akaufungua mbele ya macho yake, akamwambia ainue kidevu.